Fundo la Tano, Upande wa Jiko

Watu wakiniuliza ni kitu gani kiliniokoa mwaka ule wa vita vya maji, wanategemea niseme Mungu, au dawa, au miguu yangu. Mungu namshukuru kila asubuhi, na miguu sikuidharau. Lakini kilichoniokoa ni kamba, tena ileile iliyokaribia kuninyonga, pamoja na mke wangu, ambaye siku hiyo alikuwa bado amenikasirikia. Nikikumbuka nacheka peke yangu. Wajukuu wanadhani nimechanganyikiwa, nami nimewaacha wadhani hivyo hivyo.

Mimi ni mchonga mitumbwi. Kusoma na kuandika nimejifunza uzeeni, kwa mapadri, kwa hiyo mtu asinisumbue na habari za mwandiko. Enzi ya Mdachi nilikuwa kijana mwenye mke mmoja, binti mmoja wa miaka sita hivi, na shoka moja lililonipa kiburi cha watu kumi. Tulikaa karibu na mto. Tukiondoka alfajiri tulifika Ifakara jua halijaanza kuchoma. Bonde letu hili wenyeji mnalijua. Masika maji yanakuja mpaka mlangoni, shamba linageuka ziwa, na asiye na mtumbwi anabaki kumwomba jirani hata safari ya kwenda kuzika. Mchonga mitumbwi hapa kwetu hakosi kuitwa. Na mimi nilipenda kuitwa, nisiwafiche.

Nyumba yetu ilikuwa na desturi niliyoirithi kwa mama. Sijui kama nyumba nyingine walifanya hivyo, sikuwahi kuchungulia. Kila mwaka, mpunga ukishaingia ghalani na mto umerudi mahali pake, tulikaa chini tukasokota kamba ya gome la mti, tukaitundika kwenye kigingi juu ya mlango, kwa ndani, ikining'inia pande mbili. Upande mmoja tuliuita upande wa shoka, wa pili upande wa jiko. Kila jambo ulilokusudia kulifanya mwaka huo ulilitamka kwa sauti, ukafunga fundo. La kazi yako ya nje lilikwenda upande wa shoka, la nyumba na watu wako upande wa jiko. Likitimia, ulilifungua. Sharti lilikuwa moja tu: mafundo ya pande mbili yalingane. Ukitaka kuongeza mtumbwi upande huu, utafute na la kuwafanyia watu wa nyumbani upande ule. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza mama kwa nini, akanijibu kwamba kamba iliyozidi uzito upande mmoja inateleza kwenye kigingi na kuanguka, na kwamba hilo hata mtoto analiona. Sikuuliza tena.

Mama alipofariki, upande wa jiko ukawa wa mke wangu. Alikuwa mtu wa Idete, mfupi, mwenye sauti ya chini, na alipokasirika sauti ilizidi kushuka. Wanawake wengine wakigomba unasikia kutoka ng'ambo ya mto. Huyu wangu ilibidi umsogelee ndipo usikie unavyogombezwa.

Mwaka ule nilikuwa na haraka. Mfanyabiashara mmoja wa pwani, mwenye duka Ifakara, alikuwa ameniagiza mtumbwi wa kubebea mpunga, mkubwa kuliko wowote niliowahi kuchonga, na mti wake nilikuwa nimeshauona, mvule mmoja mnene uliosimama karibu na maji. Sikulala kwa kuufikiria. Basi tulipokaa na kamba nikafunga matano yangu haraka haraka. La kwanza, mtumbwi mdogo wa kuvulia wa jirani. La pili, tezo mpya ya kuchongea kutoka kwa mhunzi wa milimani. La tatu, mtumbwi wa kati wa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. La nne, mtumbwi mkubwa wa mfanyabiashara. La tano, nijifunze kutanua mbavu za mtumbwi kwa moto bila kuupasua, maana hapo nilikuwa bado nabahatisha.

Kisha zamu ikawa ya mke wangu. Nakumbuka alisema paa liezekwe upya. Akasema dungu jipya lijengwe kwenye shamba la mpunga, la zamani lilikuwa limeoza, na yeye ndiye aliyekaa juu yake kutwa nzima akifukuza ndege. Akasema nimpeleke Idete kwa mama yake kabla ya mvua. Akasema binti afundishwe kuogelea, kwa kuwa ilikuwa aibu mtoto wa mchonga mitumbwi kuogopa maji. Hayo manne nilimsikia. La tano sikulisikia. Nilikuwa nimeshachukua shoka langu na jiwe, nanoa, kichwa changu kiko kwenye ule mvule. Nilimwona mdomo unatembea, nikaitikia, "Ehe." Akafunga fundo polepole, akanitazama, akaenda zake jikoni.

Mwezi haukupita, habari za maji zikafika. Wajumbe walikuja kutoka huko chini wakisema risasi za Mdachi zitageuka maji, na watu waliokuwa wamechoshwa na kodi na mashamba ya pamba walitaka mno kuamini. Mimi pia nilinyunyiziwa hiyo dawa ya maji, sikatai. Majirani wote wamepanga mstari, wewe ukae pembeni ujifanye nani? Lakini wenzangu walipochukua mikuki kwenda kupigana Mahenge, mimi nilirudi kwenye mvule. Sisemi nilikuwa na busara kuliko wao. Sikuwa na busara yoyote, nilikuwa na mti. Shemeji yangu alikwenda, akasema nimwekee mtumbwi wake. Hakurudi, yeye na wengine wengi, na mpaka leo nikipita kwao nasalimia haraka na kwenda zangu.

Baadaye askari wakashuka bondeni. Walichoma maghala na mitumbwi, na waliyemshuku walimfunga. Mke wangu na binti walihamia kwenye matete pamoja na wanawake wengine, wakirudi nyumbani mchana kutwanga na kupika, kisha wanaondoka tena. Mimi nililala kwenye mvule wangu. Ndiyo, hata wakati ule! Nilimwambia mke wangu kwamba huko msituni ndiko salama zaidi, jambo ambalo lilikuwa kweli kidogo. Katika mafundo kumi nilikuwa nimefungua mawili, yote ya upande wa shoka, mtumbwi mdogo na tezo. Upande wa jiko hakuna hata moja lililoguswa. Kamba ilikuwa imeinama kwenye kigingi, nami nilikuwa nainamisha kichwa nikipita chini yake.

Jambo ambalo sikulijua, kwa kuwa nilikuwa msituni nikiongea na mti, ni kwamba wajumbe wa vita nao walitembea na kamba zenye mafundo. Kila siku fundo moja lilifunguliwa, na la mwisho ndilo siku ya kupigana. Askari walikuwa wameshazigundua. Kila mwenye akili bondeni alikuwa amechoma au kuficha hata kamba ya kufungia mbuzi, ilimradi ina fundo. Ya kwangu ilikuwa mlangoni, mahali pa kukaribishia wageni.

Walinikuta asubuhi, nimekuja kuchukua unga. Askari mmoja mtu mzima, mwenye ndevu zenye mvi, aliinama kuingia, kamba ikamgusa kofia. Akaitazama. Akahesabu kwa kidole: matatu huku, matano huku. Akaniangalia mimi, akaiangalia tena, akatoka nje akawaita wenzake. Nilidhani wananitafutia kosa la unga. Walipoanza kunifunga mikono nikauliza nimefanya nini, mmoja akaitikisa kamba mbele ya uso wangu akaniuliza ni siku nane kutoka leo au kutoka jana. Sikumwelewa kabisa, na kutoelewa kwangu alikuona kuwa ujanja.

Walinipeleka Ifakara, kwenye kambi yao. Siku mbili nilikaa chini, kwenye jua, nimefungwa kwenye mti pamoja na wanaume watano wa vijiji vya kule Mchombe. Siku ya kwanza wawili kati yao walichukuliwa wakaulizwa, na mchana huo huo wakanyongwa upande wa pili wa ua. Sitasimulia zaidi ya hapo. Nilichotaka mjue ni kwamba nilielewa vizuri kinachonisubiri, na kwamba niliogopa mpaka nikasahau jina la mto wetu. Nilijaribu kumfikiria mke wangu, kila nikimfikiria namwona anafunga lile fundo polepole na kunitazama.

Siku ya pili nikaitwa. Kulikuwa na bwana mmoja Mdachi amekaa kwenye kiti cha kukunja, kijana bado, pua imebabuka kwa jua. Pembeni yake alisimama mkalimani, mtu wa pwani, amevaa kanzu iliyokuwa nyeupe siku nyingi zilizopita. Kamba yangu ilikuwa mezani. Mkalimani akaniambia, kwa Kiswahili cha taratibu kwa kunihurumia, kwamba wanajua hii ni hesabu ya siku. Mafundo mawili yaliyofunguliwa yameacha alama, kwa hiyo nilipokamatwa siku mbili zilikuwa zimeshapita, zimebaki nane. Na askari wameona msituni mtumbwi mkubwa unaochongwa, wa kuvusha watu wengi kwa mara moja. Kwa hiyo niseme tu vita vitaanzia wapi. Nikisema, huenda bwana akanihurumia. Nikikaa kimya, nitawafuata wenzangu wa jana.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Nikasema ile si hesabu ya siku, ni hesabu ya kazi. Nikaeleza desturi ya mama yangu, mwanzo mpaka mwisho, hata habari ya kigingi. Mkalimani akatafsiri. Mdachi akanitazama muda mrefu, akasukuma kamba kwangu, akataka nitaje fundo moja moja.

Upande wa shoka niliutiririsha. Nilitaja yaliyofunguliwa na yaliyobaki, nikataja mwenye kila mtumbwi, urefu wake, na mti wake. Ule mkubwa nikamtaja mfanyabiashara mwenyewe, duka lake lilikuwa pale pale karibu, wakamwulize. Nikahamia upande wa jiko. Paa. Dungu. Idete. Kuogelea. Kidole changu kikafika kwenye fundo la tano, kikasimama.

Lo, jamani. Nilipekua kichwa changu chote. Nilimwona mke wangu, niliuona mdomo wake, nililisikia hata jiwe likikwaruza shoka. Sauti yake haikuwamo. Mkalimani akaniambia niendelee. Uongo ulikuja wenyewe mpaka kwenye meno: niseme banda la kuku, niseme kununua mbuzi, nani atajua? Lakini nilijua kwamba wakimtafuta mke wangu wakamwuliza, atasema alichokisema. Huyu mwanamke hakuwa na mazoea ya kusema jambo kwa namna mbili.

"Hili la tano silijui," nikasema.

Mkalimani hakutafsiri mara moja. Aliinama karibu yangu akaniuliza kama nimesikia nilichokisema. Akaniambia kwamba mtu anayekumbuka urefu wa kila mtumbwi halafu akasahau jambo la nyumbani kwake, hakuna atakayemwamini, na yeye mwenyewe haniamini. Nikamjibu kwamba mke wangu alilitamka, mimi nilikuwa nanoa shoka. Kusema hivyo mbele ya wanaume kuliniumiza kuliko zile kamba za mikononi. Mkalimani akatafsiri, Mdachi akakunja uso, akasema mwanamke aletwe. Maneno yakilingana, wataona. Yasipolingana, hakuna haja ya kuulizana tena.

Hawakuhitaji kwenda mbali. Mke wangu alikuwa nje ya ua tangu jana yake, amekaa na binti yetu, na askari walikuwa wamemfukuza mara tatu. Mimi sikujua. Waligeuza uso wangu ukutani, wakaniambia nikitoa hata kikohozi nimekwisha. Nikasikia hatua zake. Nikasikia akimsalimu mkalimani, shikamoo bwana, kwa ile sauti yake ya chini kabisa, nikajua kwamba amekasirika mno.

Walimwekea kamba mbele, wakamwuliza ni nini. Akasema ni kamba ya mwaka. Wakamwambia ataje. Akaanza na upande wangu, akataja matano yote bila kukosea, pamoja na jina la mhunzi aliyefua tezo. Mimi sikujua kwamba alikuwa akinisikiliza hivyo. Akaja upande wake. Paa, dungu, kwa mama Idete, mtoto kuogelea. Alipofika kwenye paa alisimama kidogo akasema kwamba kama wanadhani ni uongo waende wakatazame wenyewe. Yule askari mwenye mvi akadakia kwamba ni kweli, alipoingia kunikamata akiwa ndani ya nyumba alimwona kunguru akipita angani kupitia tundu la paa. Wenzake wakacheka. Jasho lilinitiririka, lakini nilianza kupumua.

Mkalimani akamwuliza la tano.

"Hilo mume wangu halijui," akasema. "Nilipolitamka alikuwa ananoa shoka."

Nilisikia kiti cha Mdachi kikilia. Mkalimani alitafsiri, sauti yake imebadilika. Sisi wawili tulikuwa hatujaonana siku nyingi, hatukuwa tumepanga neno, na tumesema jambo lile lile. Tumelingana kwenye kitu nisichokijua. Nikaegemea ukuta kwa paji la uso, na sikujali nani ananiona.

Lakini Mdachi alitaka kujua fundo lenyewe. Mke wangu akasema hayo ni maneno ya nyumbani. Mkalimani akambembeleza, akamwita dada, akamwambia kwamba hapa si mahali pa kuficha maneno. Nilikaribia kugeuka. Ndipo akasema.

"Akae nyumbani siku moja. Kuanzia uji wa asubuhi mpaka chakula cha jioni. Asishike shoka, asinoe kitu, asiende kuangalia mti wake. Akae tu, na sisi."

Askari walicheka kicheko ambacho sikutegemea kukisikia mahali pale. Yule mwenye mvi alisema kitu kwa lugha ya kwao, kisha akakirudia kwa Kiswahili, kwamba nyumbani kwake kungekuwa na kamba kama hii, ingejaa mafundo isiwe na mahali pa kushika. Mdachi mwenyewe hakucheka sana, alitabasamu kwa mdomo upande. Akasema neno, na mkalimani akamgeukia mke wangu, nadhani kwa utani. Akamwambia kwamba bwana anasema mumewe ameshakaa hapa siku mbili bila kushika shoka, kwa hiyo fundo limeshafunguka, anadai nini tena.

"Hizo siku mbili ni zenu," mke wangu akasema. "Yangu bado."

Hakuinua sauti. Nimewahi kumsikia mtu akiomba uhai wa mwenzake kwa kulia, kwa kupiga magoti, kwa kutaja wazazi. Yeye alidai siku yake. Alidai pale mezani, mbele ya bunduki, tena bila kuipunguza, na nilielewa, uso wangu ukiwa ukutani, kwamba mtu aliyekufa hawezi kumlipa mke wake siku ya kukaa nyumbani. Nadhani na wao walielewa. Nikasikia kisu kinakata kamba za mikono yangu.

Mdachi alitoa amri mbili. Mtumbwi mkubwa utachomwa, na mimi nisionekane msituni mpaka nipewe ruhusa. Mkalimani aliponitafsiria alinitazama machoni, pengine akingoja nilie kwa ajili ya mtumbwi. Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe, ikabidi niinamishe kichwa. Kamba mkalimani alimpa mke wangu, si mimi, na mke wangu akaizungusha kwenye mkono wake mara tatu kama bangili.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Binti nilimbeba mgongoni njia nzima, ingawa alikuwa amekua na mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Mke wangu alitangulia mbele. Tulipokaribia mto tukaona moshi upande wa mvule wangu, moshi mnene wa mti mbichi. Nilisimama kuutazama. Miezi yangu yote ilikuwa ikipanda pale juu, na nilingoja moyo uniume. Haukuuma. Nilijisikia mwepesi, nikamweka binti vizuri mgongoni, tukaendelea.

Nyumbani, kitu cha kwanza nilichokisema ni kwamba kesho nitaanza na paa. Mawingu yalikuwa yameshakusanyika juu ya milima, mvua za kwanza ziko karibu, na mimi nilitaka kujirekebisha haraka haraka, kwa pupa ile ile ya siku zote. Mke wangu akaivua kamba mkononi, akaitundika kwenye kigingi, akasema tunaanza na la tano. Nikamwambia mvua itanyesha. Akasema inyeshe.

Basi kesho yake nikakaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Uji nilimaliza, nikabaki na mikono. Nikashika kijiti, akaninyang'anya, akasema nitaanza kukichonga. Binti alikuja akanionyesha pengo, jino la mbele limetoka, na nilipouliza limetoka lini wote wawili wakatazamana. Lilikuwa limetoka muda mrefu, hata jipya lilikuwa limeanza kuchungulia. Nilihesabu safari za mke wangu kwenda kisimani, nikataka kuinuka kumsaidia maji, maana kibuyu chake ni kikubwa, akanikazia macho. Nikakaa.

Adhuhuri mvua ikaja. Haikuja kwa adabu, ilimwagika, na nyumba ikaanza kuvuja kila mahali. Niliruka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikitafuta nyasi na kamba, nikasikia nyuma yangu sauti ya chini ikiniambia nikae. Nikarudi. Tulisogea kona ya jikoni, ikavuja. Tukasogea penye mtungi, ikavuja. Binti ndiye aliyejua mahali pakavu, alituongoza kwa kidole, hapa kwanza, sasa hapa, sasa tumfuate pale penye kinu, na nikagundua kwamba wao wawili wamekuwa wakiucheza mchezo huu misimu yote niliyokuwa msituni. Mwisho tulibanana watatu chini ya kipande cha paa kisichozidi mkeka mmoja, magoti kwa magoti, mtoto katikati. Tone likamwangukia mke wangu puani. Nikacheka, binti akacheka, na mke wangu, ambaye nilidhani angalau atatabasamu, akaanza kulia.

Alilia muda mrefu. Alilia kwa ajili ya kaka yake, hilo alilisema. Kisha akasema kwamba zile siku mbili nje ya ua alikuwa amepanga kila kitu: ataomba mwili wangu, atanileta nyumbani, na nitakaa siku moja kabla ya kuzikwa, na hiyo ndiyo angeihesabu kuwa fundo la tano. Aliyasema kwa sauti yake ile ile, huku ananifuta maji kichwani kwa upindo wa nguo yake. Nilimshika mkono, nikaushika mpaka mvua ikapungua.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa njaa, maghala yamechomwa, na tulikula mizizi kama watu wote. Tuliponea, sisi watatu. Paa niliezeka juma lile lile, dungu nikajenga, Idete tukaenda, na binti aliogelea kabla hajaota meno yote. Mtumbwi mkubwa nilikuja kuuchonga miaka mingi baadaye, mwingine, na ulikwenda vizuri. Mafundo hayo yote nilifungua mwenyewe.

Lakini lile la tano siku ile ya mvua sikulifungua mimi. Jioni tulikula wali na kambale mkavu, wa kwanza wa moto niliokula kwa muda mrefu. Akaosha mikono, akasimama, na kwa kuwa ni mfupi akapanda juu ya kinu ili kukifikia kigingi. Nilitaka kumsaidia, nikakumbuka kwamba siku yake haijaisha. Fundo lilikuwa limelowa, limekaza. Alihangaika nalo kwa kucha, kwa meno, na mimi nilikaa pale chini nikimtazama mpaka likaachia.